Unyevu ndio ratiba: wiki ya mfinyanzi wa vyombo vya nakshi Moshi

Kufinyanga vyombo vya udongo mwekundu na kuvipamba kwa uji wa udongo wa rangi nyingine ni kazi isiyofuata saa ya ukutani. Inafuata unyevu. Kikombe ulichokitoa kwenye gurudumu asubuhi kina wakati wake wa kubandikwa kishikio, wakati wake wa kuvikwa uji mweupe na wakati wake wa kuchorwa. Ukishapita, hata ukinyunyiza maji ndoo nzima haurudi. Mafundi wengi wanaoanzisha karakana hapa Moshi mikono wanayo. Wanachokosa ni kuwa karibu na chombo pale kinapokuwa tayari. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa siku za wiki, kwa mtu mwenye gurudumu moja, tanuri dogo na pengine msaidizi mmoja. Arusha nako unafaa, ila kule ni juu zaidi na kuna baridi zaidi, kwa hiyo ongeza saa za kukausha.

Kabla ya wiki kuanza: udongo

Chini ya mlima utakutana na udongo wa aina mbili, na kila mmoja una hila zake. Mwekundu wa mashambani, unaotokana na mawe ya volkano, una chuma kingi na ukichomwa unatoa rangi nzuri, lakini mara nyingi haunati vya kutosha na una changarawe. Mweusi wa mbuga, ule wa tambarare za chini, unanata kupita kiasi. Ukiloa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Peke yake haufai kabisa, ingawa kiasi kidogo kikichanganywa na mwekundu usionata kinasaidia. Unaotafuta hasa ni ule wa mabonde na kingo za mito, uliosafishwa na maji kwa miaka mingi. Usichimbe kabla ya kuongea na mwenye shamba na ofisi ya kijiji. Na ukienda Upareni, ambako akina mama wamekuwa wakifinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu tangu enzi za bibi zao, nenda na shikamoo yako na pesa mkononi: nunua udongo, usiende kuchimba shimo la mtu.

Jaribu kabla hujabeba kiroba kizima. Viringisha kipande kinene kama kidole, kisha ukizungushe kwenye kidole gumba. Kikipasuka upande wa nje, udongo hauna mnato. Dondoshea maji ya ndimu kwenye kipande kikavu. Ukiona povu, humo mna chokaa. Chembe ya chokaa ndogo kama punje ya ulezi inapita tanurini bila kelele, halafu wiki mbili baadaye inanyonya unyevu wa hewani, inavimba na kung'oa kibanzi kwenye sahani ambayo mteja ameshailipia.

Udongo ukaushwe kabisa kwanza, ndipo uloweshwe. Mkavu unamumunyika wenyewe. Ulio nusu unyevu unabaki mabonge. Ukishalainika, koroga, chuja kwa wavu wa mbu, uache utulie, mwaga maji ya juu, kisha uanike kwenye shuka kuukuu au juu ya bamba la plasta ya jasi hadi ushikike. Uhifadhi ukiwa umefunikwa vizuri kwa wiki mbili au zaidi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika.

Kipimo cha mwisho kabla ya kuuamini: tandaza kibamba, kichore mstari wa sentimita 10, kikaushe, kichome, upime tena. Ukipata sentimita 9, udongo wako unapungua kwa asilimia 10, na sahani ya sentimita 25 itabidi uifinyange karibu 28.

Uji wa rangi

Rangi tatu zinatosha kumlisha mtu miaka: mweupe, mweusi, na mwekundu wa udongo wenyewe. Mwekundu hauna shida, ni udongo uleule umechujwa zaidi. Kazi iko kwenye mweupe.

Kaolini, udongo mweupe, ya Pugu karibu na Dar es Salaam inajulikana tangu enzi za Wajerumani. Lakini kaolini tupu juu ya udongo mwekundu haishiki, kwa sababu haipungui sawa na udongo ulio chini yake. Utaiona imebanduka kwenye ukingo wa kikombe na kwenye kona ya kishikio, palepale mdomo na vidole vinapogusa. Anza na mchanganyiko huu kwa uzito mkavu, kisha uurekebishe kwa majaribio: sehemu 6 za kaolini, 2 za udongo wowote wa rangi hafifu unaonata, 1 ya friti isiyo na risasi (friti ni kioo kilichoyeyushwa na kusagwa unga), 1 ya mchanga mweupe uliosagwa unga. Ukibanduka, ongeza ule unaonata. Ukipasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, upunguze. Pemba ile wanayotafuna wajawazito nayo ni udongo, na wapo wanaoijaribu. Chache hubaki nyeupe tanurini, nyingi hugeuka waridi au kijivu, kwa hiyo choma kipande kwanza. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse. Inapendeza ikiwa mbichi, ikitoka tanurini inapukutika.

Mweusi: kwa kila gramu 100 za udongo mwekundu mkavu weka gramu 5 za oksidi ya chuma na 5 za manganizi. Vaa barakoa unapopima, na siku ya kuchoma usikae karibu na tanuri, maana moshi wa manganizi unadhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Wapo wanaoponda betri kuukuu za tochi kupata weusi huo bure. Usifanye hivyo. Ndani ya betri mna mengi zaidi ya manganizi, na kwenye vyombo hivi watu watakula chakula.

Chuja uji wote kwa wavu namba 80 (matundu 80 kwa kila inchi), mara mbili. Uzito wake usiukisie kwa macho, upime: lita moja ya uji wa kumwagia iwe karibu kilo 1.4, na wa kuchorea uwe mzito kuliko huo. Hapa nina siri moja ya soko la Mbuyuni, nayo ni magadi, hayahaya ya kuivishia maharage. Chembe yake iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto ikitiwa ndoo nzima ya uji wa kuchorea, uji unakuwa mwepesi kutiririka bila kuongezewa maji. Ukizidisha, unaganda badala ya kulegea, na chumvi inajitokeza juu ya chombo kikikauka. Nusu kijiko cha chai, koroga, subiri, angalia.

Jumatatu: gurudumu

Kanda udongo wote wa siku kabla hujakaa, na ukate kila donge kwa mizani. Kikombe gramu 400, bakuli la supu gramu 700, jagi la lita moja karibu kilo moja na nusu. Mizani inakuonea huruma baadaye: vyombo vya uzito mmoja vinakauka kwa mwendo mmoja, na kesho yake huhangaiki na kikombe kimoja kigumu na kingine tope.

Finyanga vya aina moja mfululizo. Vikombe asubuhi vyote, bakuli baada ya chai ya saa nne. Usiache maji ndani ya kitako. Yafyonze kwa sponji kabla ya kukata kwa waya, la sivyo nyufa ya umbo la S itakungoja chini ya kila kikombe. Sitasema mengi kuhusu kufinyanga kwenyewe. Hilo halisomwi, linafanywa.

Jioni ndipo ratiba inapoanza kweli. Januari na Februari, jua likiwa kali na upepo ukishuka mlimani, kingo zitakuwa zimekauka kabla kitako hakijakaza. Funika kingo tu kwa vipande vya nailoni na uache matumbo wazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, acha vyote wazi usiku kucha na bado asubuhi utavikuta vibichi. Juni na Julai, mawingu yanapokaa juu ya mji hadi mchana, usipange kitu chochote cha asubuhi.

Jumanne: vitako na vishikio

Jaribio ni la vidole viwili. Bonyeza ubavu wa kikombe kwa ncha ya kidole: kisibonyee. Kisha gusisha ukucha: uache alama. Kikibonyea bado. Ukucha ukiteleza bila alama, umechelewa. Kati ya hali hizo mbili una saa chache tu, wakati wa kiangazi pengine saa mbili, na ndani ya saa hizo unakwangua vitako na kubandika vishikio.

Vuta vishikio mapema, dakika ishirini hivi kabla ya kuvihitaji, uviache vipinde vikiwa vimelala kwenye ubao. Kwaruza mahali pa kubandika, paka uji wa udongo uleule mwekundu, kandamiza, safisha. Kisha funika vyombo vyote kwa nailoni kabisa, bila tundu, hadi kesho. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa kazi. Kishikio ni chembamba na kikombe ni kinene. Usiku huo mmoja chini ya nailoni unyevu wao unalingana. Kisipofunikwa, kishikio kinakauka mapema, kinajivuta na kuacha nyufa ndogo pale juu. Utaiona baada ya kuchoma.

Jumatano: siku ya uji

Siku hii usipokee wageni, usiahidi kwenda mjini, na simu iweke mbali na ndoo. Kila kitu kiwe mezani kabla hujafungua nailoni: ndoo za uji zimekorogwa hadi chini, mbao tupu zimepangwa, sponji zimeoshwa, kitambaa safi kipo begani.

Anza na ndani ya vikombe. Jaza uji mweupe hadi nusu, zungusha ukiinamisha ili ufike ukingoni kote, umimine wote kwa mkupuo mmoja, kutikisa mara moja, basi. Ukisitasita, uji unaacha mistari minene upande wa kumiminia. Kisha weka kikombe chini na ukiache. Kishawishi kitakuwa kukitumbukiza nje palepale, maana ndoo iko wazi na mkono umeshachafuka. Jizuie. Uji ni maji mengi. Ukuta wa kikombe umeshayanywa upande mmoja, na ukiuongezea upande wa pili unarudi tope. Kikombe kinainama taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta, na kishikio kinadondoka na kipande chake. Ngoja ndani kupoteze mng'ao, kisha upaguse kwa kidole: kisipotoka na weupe, geuza kikombe, kishike kitako, kitumbukize nje hadi kidole kimoja juu ya kitako. Kiangazi ni saa moja kati ya ndani na nje. Masika ni kesho yake.

Sahani za nakshi zina njia nyingine, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Usizifinyange, tandaza udongo bapa kwa mti wa chapati na fito mbili za unene mmoja, ukate duara, na ulipambe likiwa bado limelala. Mwaga uji mweupe juu yake, liinamishe hadi uenee, mwaga ziada. Palepale, ukiwa bado unang'aa, chora mistari ya uji mweusi sambamba, kisha pitisha ncha ya unyoya wa kuku kwa kukatiza mistari, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Kila mstari unavutwa ncha. Mkono usitetemeke na usirudie. Ukirudia rangi zinachanganyika kuwa kijivu. Badala ya unyoya unaweza kugonga ubao kwa chini ili rangi zitiririkie kati yao, au kupitisha kitana kilichokatwa meno kadhaa. Acha duara hadi uso wake usishike kidole, ndipo uligeuze na kulilaza juu ya kalibu ya plasta, upande wa nakshi ukiwa chini, na kulikandamiza taratibu kwa sponji likae umbo.

Chupa ya kuchorea hainunuliwi dukani hapa, inatengenezwa. Chukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, urefu wa kiganja, funga upande mmoja kwa kamba, upande wa pili funga kizibo cha mpira kilichotobolewa na kupenyezwa mrija wa peni ya biki uliokatwa. Fundi baiskeli yeyote wa Majengo au Pasua atakupa mpira chakavu akicheka. Mpira ni bora kuliko chupa ya plastiki ya tomato sosi kwa sababu unafuata mkono: ukibana kidogo uji unatoka kidogo, ukiachia hauvuti hewa na kutema matone. Ukishaujaza, bana kwanza juu ya ndoo hadi hewa itoke. Hewa ikibaki mbele, itapasuka katikati ya ua.

Wafinyanzi wa Staffordshire kule Uingereza, karne ya 17, walitumia mrija kwa namna hii hii, na Thomas Toft aliandika jina lake kwenye kingo za sahani kubwa kwa uji wa rangi iliyokolea uliopambwa nukta nyeupe. Mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alifufua ufinyanzi huo Winchcombe kuanzia 1926, kisha akaja Afrika Magharibi, Achimota (Ghana ya leo) mwaka 1942, na baadaye Abuja ya zamani huko Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, ambako Ladi Kwali, mama wa Kigwari aliyejifunza ufinyanzi nyumbani, alifanya kazi naye na kuchora mijusi na nyoka wa kwao kwenye vyombo vilivyochomwa kwa tanuri la joto kali. Picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Nalitaja hili kwa sababu ya mteja atakayekuambia nakshi hii ni ya Wazungu. Kuandika maneno juu ya chombo hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Kanga zetu zimebeba jina, yaani msemo wake, juu ya pindo la chini tangu zamani. Sahani zinazoniondokea haraka ni za send-off na harusi, zenye maneno ukingoni: jina la bibi harusi, "Karibuni mezani", au methali aliyoichagua mama mzazi. Andika kwa penseli kwanza, hesabu herufi, uanze kutoka katikati ya neno kwenda pande zote. Penseli inaungua tanurini na haiachi alama.

Alhamisi: kukwaruza, kukausha

Nakshi ya kukwaruza inasubiri hadi uji upoteze mng'ao na kukaza, lakini chombo kiwe bado na ubaridi ukikigusa shavuni. Kwaruza kwa ncha ya waya uliopondwa au kisu cha bati. Ukitoka uzi laini unaojikunja, uko wakati sahihi. Ukiwa unashika na kuburura, subiri. Ukiwa unatoka unga, umechelewa, na zaidi ya kuharibu mstari unajaza hewa vumbi la silika. Mabaki ya kingo za mistari usiyapulize. Acha yakauke na uyafute kwa sponji nyevu.

Na hapa niseme la vumbi mara moja. Karakana haifagiliwi kwa ufagio mkavu wa chelewa, hata kama umekuzwa kuamini kwamba pasipofagiliwa ni pachafu. Dekia. Vumbi la udongo mkavu likiingia mapafuni halitoki, na madhara yake huonekana baada ya miaka.

Sasa vyombo vinakaa rafuni hadi vikauke kabisa. Kikombe kikavu hakina ubaridi shavuni. Kiangazi ni siku nne au tano, masika unaweza kufikisha wiki mbili. Kwa hiyo, tanuri la wiki hii siyo la vyombo vya wiki hii. Unachoma vya wiki zilizopita, na ukilielewa hilo mapema hutamwahidi mteja mzigo wa Ijumaa ukiwa umefinyanga Jumatatu.

Ijumaa na Jumamosi: tanuri

Chaguo la tanuri ni chaguo la kuni, gesi au umeme. Tanuri la maranda au pumba za mpunga, ambazo kule Moshi chini zipo tele, ni rahisi na lina uzuri wake, ila halifiki joto la kuyeyusha glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo. Kuni zikifaa, tumia matawi ya mgrevilea yanayopunguzwa kwenye mashamba ya kahawa, makavu na yaliyopasuliwa vyembamba. Usiingie msituni, ni kosa la jinai na huhitaji kufika huko. Gesi ya mtungi inafaa, lakini mtungi wa kilo 15 ukitoa gesi nyingi kwa saa nyingi unapoa hadi unashika barafu na presha inashuka kabla hujafika joto. Tumia wa kilo 38, au unganisha miwili. Umeme ni safi kuliko vyote. Tanuri la kilowati 6 likiwaka mfululizo saa 8 linakula uniti 48, kwa hiyo nunua LUKU ya kutosha na kubaki kabla hujawasha, siyo saa mbili usiku ukiwa nyuzi 900.

Mchomo wa kwanza, kabla ya glezi, ni wa polepole mwanzoni. Saa mbili tatu za mwanzo tundu la juu liwe wazi, joto lipande taratibu hadi kupita nyuzi 100. Shika kioo baridi juu ya tundu kwa sekunde chache: kikitoka jasho, ndani bado mna maji, usiongeze moto. Kisipotoka, funga. Kutoka hapo panda nyuzi 100 kwa saa hadi 600. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo zinapanuka ghafla, na anayepita hapo mbio husikia mlio wa sahani kubwa. Baada ya 600 unaweza kukaza mwendo hadi nyuzi 1000.

Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Ziba matundu, subiri urudi, endelea. Mchomo wa kwanza hausumbuki na hilo.

Glezi

Vyombo vya zamani vya aina hii vilipata rangi ile ya asali kwa madini ya risasi yaliyosagwa, na waliovifanya walilipa kwa afya zao. Leo tumia friti ya boroni isiyo na risasi, sehemu 80, kaolini 15 na udongo wako mwekundu 5. Udongo huo kidogo ndio unaogeuza weupe kuwa rangi ya siagi na wekundu kuwa kahawia ya joto. Friti huagizwa, kwa hiyo nunua ya miezi mingi kwa pamoja na uliza karatasi yake ya viambato. Anayekuuzia unga usio na jina na kukuambia "unang'aa vizuri tu" mwache nao. Na kama kuna fundi anayeyeyusha risasi ya betri ya gari kutengeneza glezi, usinunue hata kikombe kwake.

Tumbukiza chombo kwa sekunde mbili au tatu, futa kitako hadi kiwe kikavu na safi, panga tanurini bila chombo kugusana na kingine. Joto la mchomo huu ni karibu nyuzi 1060. Weka koni namba 04 (kipande kidogo kilichotengenezwa kulainika na kuinama kwenye joto hilo) mbele ya tundu uione ikiinama, maana kipimo cha umeme kinaweza kudanganya na koni haidanganyi. Shaba inatoa kijani kizuri juu ya uji mweupe, ila iache nje ya chombo au kwenye vyombo vya mapambo. Ndimu na siki huivuta.

Zima, funga, nenda nyumbani. Chini ya nyuzi 100 ndipo unafungua, hata kama mteja yuko getini. Kabla ya kuuza glezi mpya, acha kipande cha ndimu ndani ya chombo usiku kucha. Rangi ikififia au mng'ao ukipotea pale kilipolala, glezi hiyo siyo ya chakula. Kumbuka kwamba jaribio hili halikuonyeshi risasi. Kinga ya risasi ni kutoiingiza karakanani kabisa.

Kuuza na kusafirisha

Swali utakaloulizwa kila siku ni hili: "Kaka, nikitia chai ya moto haipasuki?" Jibu: "Haipasuki, dada, lakini usiibandike jikoni wala juu ya mkaa." Mwambie pia asiloweke usiku kucha kwenye beseni, kwani udongo wa joto hili unanyonya maji palipo na mwanya kwenye kitako. Mteja aliyeambiwa ukweli anarudi na dada zake.

Bei ipige kwa mchomo mzima, siyo kwa kikombe. Jumlisha udongo, friti, moto na siku zako zote za wiki, gawa kwa vyombo vilivyotoka salama, siyo kwa vilivyoingia. Vyenye kasoro ndogo viuze kwenye meza ya pembeni na useme kasoro ni ipi.

Mzigo wa Dar au Arusha ufungwe kwa majani makavu ya mgomba, ambayo hapa hayanunuliwi. Yakunjekunje, jaza ndani ya kila kikombe, zungushia kishikio peke yake kwanza, kisha kikombe kizima. Sahani zisimamishe kwa ukingo, zisilale. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote na tuta moja la barabarani linatosha. Tikisa boksi kabla ya kulifunga: likitoa mlio wowote, fungua uongeze majani. Andika pande zote "VYOMBO, VINAVUNJIKA", mpe kondakta jina na namba ya simu ya mpokeaji, na uhakikishe boksi limewekwa juu ya mizigo mingine, siyo chini yake, ukiwa bado umesimama pale stendi.